Hesabu ya Kuni

Kuchoma maiti kunataka kuni, kuni hununuliwa, na fedha ya umma haitoki bila mtu kutia saini. Jaswant Singh Khalra, mfanyakazi wa benki mjini Amritsar, alikuwa mtu wa hesabu na alilijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika jimbo la Punjab nchini India, wazazi wa Kisikh walizunguka vituo vya polisi wakiulizia vijana wao waliotoweka, wakajibiwa kwamba hakuna aliyekamatwa. Khalra alikwenda kwenye viwanja vya kuchomea maiti, akaomba aone madaftari ya kuni.

Humo mlikuwa na tarehe, idadi ya maiti, kituo kilichozileta, mara nyingine hata jina la askari. Na mahali pa jina la marehemu, ukurasa baada ya ukurasa, neno moja: lawaris. Mswahili hahitaji kamusi kulielewa, kwani limetoka katika Kiarabu kilekile kilichotupa sisi neno warithi. Lawaris ni asiye na warithi. Warithi wenyewe walikuwa wamesimama nje ya lango la kituo.

Januari 1995 Khalra alitangaza alichokiona. Tarehe 6 Septemba mwaka huohuo alichukuliwa nyumbani kwake, na hakurudi. Maafisa wa polisi walikuja kuhukumiwa kwa mauaji yake mwaka 2005. Lakini madaftari yalikwisha kusomwa: Mahakama ya Juu ya India iliamuru uchunguzi, na mwishoni mwa 1996 wapelelezi wa serikali kuu walithibitisha maiti 2,097 zilizochomwa kinyume cha sheria katika viwanja vitatu tu vya wilaya ya Amritsar.

Ram Narayan Kumar, ambaye hakuwa Msikh, aliiendeleza kazi hiyo na wenzake kwa miaka, hadi kitabu chao *Reduced to Ashes* kilipotoka mwaka 2003. Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Tuseme mama anasimulia kwamba mwanawe alichukuliwa Jumatano, jirani akiona. Gazeti la Jumamosi linasema mtu mwenye silaha ameuawa katika majibizano ya risasi. Daftari la kuni la siku hiyo lina maiti moja, kutoka kituo hichohicho. Habari hizi tatu zilitoka kwa watu wasiosemezana, na mtafiti huziweka mezani pamoja bila kuharakisha. Kisha humrudia mama kumuuliza shati lilikuwa la rangi gani. Naiheshimu subira hiyo kuliko ninavyoweza kueleza.

Subira ya namna hiyo inahitajika pia katika ofisi zinazotafiti hali ya nchi kwa ajili ya maombi ya hifadhi, kama ile ya bodi ya wakimbizi ya Kanada, ambako Wasikh wengi wamekimbilia. Mwombaji anasema yeye ni mfuasi wa Akali Dal, jina la zaidi ya chama kimoja cha siasa cha Wasikh. Ipi? Ile ya ukoo wa Badal imeshika serikali ya Punjab mara kadhaa. Ile ya Simranjit Singh Mann, afisa wa polisi aliyejiuzulu mwaka 1984 baada ya jeshi kulivamia Hekalu la Dhahabu la Wasikh huko Amritsar, hudai waziwazi Khalistan, yaani nchi huru ya Wasikh. Asiyezitofautisha anaweza kumrudisha mtu kwa wanaomwinda. Mtafiti hahukumu. Huandika nani alisema nini na lini, na pale alipotafuta asipate, huandika kwamba hakupata. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mezani kwake kuna faili la mtu anayesubiri, na huruma humsukuma ajazie pengo.

Katika zile maiti 2,097, watu 585 walitambuliwa kikamilifu, 274 kwa sehemu tu, na 1,238 hawakutambuliwa. Kila jina linalopatikana huandikwa pale palipoandikwa lawaris. Lisipopatikana, mtafiti hubakiza tarehe, kituo na idadi, na nafasi ya jina huiacha wazi.