Blanketi la Viraka

Wengi hupenda kuhubiri umoja, lakini ni wachache wanaotuonyesha jinsi umoja unavyofanyika. Kwa hiyo nataka tupime mfano mmoja uliotolewa Marekani, katika mji wa Atlanta, tarehe 19 Julai 1988. Msemaji alikuwa Jesse Jackson, mchungaji wa Kibatisti, mtu mweusi aliyetaka kugombea urais kwa jina la chama cha Demokrati. Alikuwa ameshindwa na Michael Dukakis. Hata hivyo alisimama mbele ya mkutano wa chama, akawaomba watu wasitengane.

Akasimulia habari za bibi yake huko Greenville, Carolina ya Kusini. Bibi hakuwa na fedha za kununua blanketi. Akakusanya vipande vya nguo kuukuu, vya sufu, vya hariri, hata vya gunia, ambavyo vingefaa kufutia viatu tu. Akaviunga kwa uzi wenye nguvu, na watoto wakapata cha kujifunika.

Uzuri wa mfano huu ni kwamba haumdharau mtu. Jackson aliwaambia wakulima, wafanyakazi na wanawake, kila kundi kwa zamu yake: madai yenu ni ya haki, lakini kiraka chenu peke yake hakitoshi. Ndivyo wazee wasemavyo, kidole kimoja hakivunji chawa. Ndivyo pia Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorinto juu ya viungo vingi vya mwili mmoja.

Lakini naona upungufu. Katika hadithi twamwona bibi na mikono yake. Hadithi inapogeuzwa kuwa taifa, bibi anatajwa kwa hekima yake tu, si kwa mikono yake. Viraka vyatajwa kimoja kimoja. Uzi watajwa kwa neno moja, wala hatuambiwi ni uzi gani. Tena sindano hutoboa, na kila kiraka hupoteza upindo wake ndani ya mshono. Gharama hiyo mfano hauionyeshi.

Hata hivyo bibi hakushona ili asifiwe. Alishona kwa sababu ya baridi. Jackson naye alitaja matibabu, nyumba, kazi na shule. Hicho ndicho kipimo. Basi, ndugu msomaji, mtu akikuhubiria umoja wa taifa, usitazame rangi za viraka tu. Uliza: ni nani anayeshona? Na usiku ukifika, ni nani angali analala kwa baridi?