Taka Zetu Zimelowa: Tuipime Hoja ya "Taka ni Umeme"

Mji wowote ukianza kupanuka, hoja hii haikosi kujitokeza: "Kwa nini tuhangaike na dampo? Tujenge mtambo, tuchome taka, tupate umeme." Huwa inasemwa kuhusu Dar es Salaam, na siku hizi naisikia hata tukizungumzia Mbulu mjini na Katesh, makao makuu ya Hanang. Inavutia masikioni. Lakini mji mdogo ukikosea hapa, deni linabaki miaka mingi na taka zinabaki palepale. Hebu tuipime.

Kwanza tuitendee haki. Mfano unaotajwa sana ni Addis Ababa. Machi 2017 dampo la Koshe liliporomoka na kuua watu zaidi ya 100. Agosti 2018 mtambo wa Reppie ukazinduliwa jirani na dampo hilohilo, ukitangazwa kuwa utachoma tani 1,400 za taka kwa siku na kuzalisha megawati 25. Kwa hiyo anayesema taka zinaweza kutoa umeme hasemi uongo. Tena kuziacha zioze zikiwa zimefukiwa bila hewa nako kuna gharama, maana hutoa methani, gesi inayonasa joto angani kuliko kabonidayoksaidi.

Sasa shida ya kwanza: maji. Fungua ndoo ya taka ya nyumba ya kawaida pale Katesh. Utakuta maganda ya ndizi, mabaki ya ugali na mboga, majivu ya jikoni, na mchanga wa kufagia uani. Mwongozo wa Benki ya Dunia unataka taka za kuchomwa ziwe na wastani wa angalau megajuli 7 za joto kwa kilo. Piga hesabu na mimi. Kilo moja ya mabaki ya jikoni yenye maji asilimia 65 ina gramu 350 tu za kitu kikavu. Kikiungua kinatoa kama megajuli 6. Ila zile gramu 650 za maji lazima zigeuke mvuke, na kazi hiyo inakula kama megajuli 1.6. Unabaki na 4.4, na bado hatujagusa majivu na mchanga! Aliyewahi kupikia kuni mbichi anaijua hesabu hii bila kalamu.

Utasema, tuongeze plastiki na karatasi. Sawa, hizo zinawaka vizuri. Lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na chupa zinaokotwa na vijana na akina mama wanaoziuza kwa kilo. Yaani ili tanuri lishibe, inabidi limnyang'anye mtu riziki yake.

Shida ya pili ni ukubwa. Chukua mji wa watu 50,000, kila mtu akitupa nusu kilo kwa siku. Hizo ni tani 25, hata kama gari la taka lingefika kila mtaa. Kwa mwaka ni kama tani 9,000, wakati mwongozo uleule unataka angalau tani 50,000. Reppie peke yake ilipangiwa mara 56 ya taka za mji huo.

Hapa nawalaumu wasomi wenzangu. Tunasema "taka" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe unyevu unaoua moto ndio chakula cha bakteria. Tani moja ya mabaki ya jikoni ikiozeshwa kwenye tangi lisilo na hewa inaweza kutoa kama mita za ujazo 100 za bayogesi. Mji wetu ukitenga tani 10 kwa siku, unapata gesi yenye joto la karibu mitungi 30 ya kilo 15. Ukiigeuza umeme unapoteza karibu theluthi mbili ya nishati hiyo. Kwa nini usiipeleke moja kwa moja kwenye jiko la shule au hospitali, ambako kuni zinaisha kwa malori? Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034.

Na sisi wa bayogesi tusijipendelee. Teknolojia hii si ngeni, CAMARTEC ya Arusha imeishughulikia tangu miaka ya 1980. Ila kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na maji karibu kiasi sawa, na kiangazi cha Hanang maji hayo yanabebwa kichwani. Huko Mbulu juu kuna baridi, na bakteria hupunguza kasi joto likishuka chini ya nyuzi 20. Ng'ombe anayechungwa mchana kutwa huacha nusu ya malighafi malishoni. Na betri au vipande vya chupa ndani ya tangi vinaweza kuvuruga kazi. Kwa hiyo kila kitu kinaanzia nyumbani, kwenye ndoo mbili badala ya moja.

Basi siku mtaalamu akija kwenye mkutano wa mtaa wako na picha ya mtambo unaong'aa, muulize maswali matatu. Taka zetu zina maji asilimia ngapi, na nani alizipima? Tani zitakazotosha zitatoka wapi? Na mtambo ukisimama, nani ataendelea kulipa? Akishindwa la kwanza, hayo mengine hayana haja.