Kinachokuja Baada ya "Nzuri"

Binti wa kaka yangu ana miaka minne na kuamkia bado hajajua. Jioni moja tulikuwa tumekaa barazani, nyumbani Sombetini, bibi mmoja jirani akapita na ndoo yake ya maji. "Hujambo, mjukuu wangu?" Mtoto akasimama, akapiga makofi, akaanza kumwimbia "Jambo Bwana" tangu mwanzo. Bibi alicheka mpaka akaitua ndoo. Nilimuuliza mtoto nani kamfundisha. "Baba," akasema.

Baba yake ni mgumu. Ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, na jina limeshuka nao mpaka mitaani kwetu. Wakati mwingine hupanda Meru, huu mlima wa mita 4,566 tunaouona kila asubuhi mawingu yakituhurumia. Kazi yake ni kubeba mzigo ambao kwa taratibu hautakiwi kuzidi kilo 20. Siku ya mwisho, wageni wakishateremka, kazi yake ni kuimba.

Nataka kuuchambua wimbo huo kama tangazo la biashara, kwa sababu ndivyo unavyotumika, na kwa kazi hiyo sidhani kama umepata mpinzani Afrika Mashariki.

"Jambo Bwana" ni wa Them Mushrooms, kundi la Mombasa lililokuwa likipiga muziki kwenye hoteli za watalii. Aliyeutunga ni Teddy Kalanda Harrison, na ulitoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M. waliurekodi kwa mtindo wao huko Ujerumani, ukazunguka dunia. Jina la Kenya limo ndani ya wimbo. Ulipovuka Namanga, watu wa huku walilitoa wakaweka la kwao: Tanzania, au Kilimanjaro. Bidhaa ikabadilishwa, tangazo likabaki lilelile.

Kizazi changu kinazifahamu nyimbo za matangazo. Televisheni ilifika Tanzania Bara mwaka 1994, na sisi tuliozaliwa karibu na hapo tulijua nyimbo za sabuni na za mafuta ya kupikia kabla ya kujua kusoma. Wajapani wametutangulia mbali. Redio za biashara zilianza kwao mwaka 1951, na mwaka huohuo ukatoka wimbo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa tangazo nchini humo. Ulilipiwa na kampuni ya filamu na kamera, ukamtania mpiga picha asiyejua kazi, na jina la kampuni halikutajwa hata mara moja. Waliotunga walielewa jambo ambalo watangazaji wengi hawajaelewa hadi leo: wimbo mzuri wa tangazo hausifii bidhaa, unampa msikilizaji kipande chepesi cha kuimba. Akishaimba, kazi imekwisha. Anatangaza yeye, tena bure.

"Jambo Bwana" unafanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Umejengwa kama somo la kwanza la lugha: salamu, swali, jibu, karibu, usiwe na wasiwasi. Maneno ni mafupi na kila moja linaishia kwenye irabu. Sauti haipandi kumshinda mtu asiyejua kuimba. Mgeni aliyetua KIA asubuhi anaweza kuuimba jioni, na anapata kitu ambacho hakuna kitabu cha utalii kinachoweza kumpa: anajiona amezungumza Kiswahili.

Walimu wa lugha wamelalamika siku nyingi kwamba hatusalimiani kwa "jambo" tupu, na kwamba "matata" ya namna hiyo huku si neno letu. Ni kweli. Hapa Arusha utasikia "hamna shida", au "freshi" tu. Wengine walikasirika mwaka 2018, habari ilipoenea kwamba Disney, baada ya filamu yao ya simba ya 1994, walisajili "Hakuna Matata" Marekani kama alama ya biashara kwenye fulana. Nawaelewa. Lakini kasoro inayonisumbua mimi siyo ya sarufi, wala ya fulana.

Tazama jinsi tunavyosalimiana. "Habari za nyumbani?" Nzuri. "Watoto?" Wazima, ila huyu mdogo anakohoa usiku. "Na kazi?" Tunashukuru, ila mvua zimetuharibia. Kwetu "nzuri" ni mlango. Unaufungua kwanza kwa heshima, halafu habari yenyewe inapita kwenye "ila". Mtu anayeishia kwenye "nzuri" ama ana haraka, ama hakuamini.

Wimbo unaishia mlangoni. Mgeni anauliza, wenyeji wanajibu kwamba kila kitu ni kizuri sana, na kabla mtu hajavuta pumzi ameshakaribishwa na kuambiwa hakuna tatizo. Lugha yetu ina utani wake hapa, maana "ila" ni lakini na "ila" ni kasoro pia. Tangazo halitakiwi kuwa na ila, kwa maana zote mbili.

Mwaka juzi kaka alishuka na goti lililovimba. Waliimba getini kama kawaida, yeye akiwa mstari wa nyuma, akicheza kwa mguu mmoja. Wiki moja baadaye ujira wake ukaja umepungua karibu theluthi, na kampuni iliyomchukua ikamwambia asubiri. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mgeni wake habari ya goti siku ileile.

"Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia hakuna matata." Akacheka. Mimi sikuweza.

Nilipomsomea niliyoandika hapa, hakukubaliana nami. "Dada, wewe unausikilizia barazani. Siku sita yule mgeni anaona mfuko wake mgongoni kwangu. Tukiimba, ndiyo anatutazama usoni. Na tipu inakuja baada ya wimbo, siyo kabla." Halafu akanieleza kitu nisichokijua. Katikati ya wimbo, mtu wa mbele akiwa amechangamka, huchomeka maneno yake. Anamtaja mpishi aliyeunguza uji. Anasema miguu imechoka na nyumbani kodi inasubiri. Wenzake wanaitikia kwa nguvu zaidi, wageni wanapiga makofi, mapigo hayapotei.

Nimekaa na maneno hayo kwa siku kadhaa. Yamenilazimisha kurekebisha hukumu yangu, ingawa hayajaifuta. Wimbo ulivyoandikwa hauna mahali pa "ila", na wanaoutumia kuuzia safari wanaupenda kwa sababu hiyo. Waimbaji wamepachonga mahali hapo wenyewe, kwa lugha ambayo mnunuzi haifahamu. Ni ushindi, lakini ni ushindi wa kuambiana wenyewe kwa wenyewe. Aliyelipa anarudi kwao na kipande chake chepesi. Mwenye goti anabaki na lake.

Kama wewe ni mmoja wa wanaowapeleka wageni mlimani, siombi wimbo uachwe. Naomba ukiisha, mtu aulize tena, "Habari za safari?", kisha angoje. Jibu la kwanza litakuwa "nzuri". Angoje kidogo tu baada ya hapo.

Kuhusu mtoto, nilimwambia kaka amfundishe "shikamoo" kwanza, wimbo utafuata. Alikuwa anafunga kamba za viatu, gari lilikuwa linamngoja barabarani.

"Analia ninapoondoka," akasema. "Ndiyo wimbo ninaoujua vizuri."