Ufundi wa Nyuzi 35

Aliyekulia pwani ya joto hudhani baridi kali haishindwi ila kwa moto mkali. Mafundi wa mabomba wa Ujerumani na Uswisi wamethibitisha vingine. Hewa ya nje ikishuka chini ya sifuri, nyumba iliyojengwa vizuri hupata joto la kutosha kwa maji ya nyuzi 35 tu, ambayo mtu angeyaoga bila kuyapoza. Maji hayo huzunguka ndani ya sakafu, na hupata joto lake kwa pampu ya joto iliyosimama nje. Katika kazi zote za ujenzi, hii ya kuunganisha sakafu na pampu naiheshimu kupita nyingi.

Pampu ya joto haichomi kitu. Hukusanya joto lililomo hewani, ardhini au mtoni, hata kama kwetu sisi ni baridi, kisha hulipandisha. Nyingi za siku hizi hutumia gesi ya propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hata hewa ya siku ya theluji inatosha kuigeuza mvuke. Kompresa huuminya mvuke huo, nao ukipanda joto huyapasha maji ya nyumba. Friji ya jikoni hufuata kanuni hiyo hiyo, na kanuni yenyewe ni ya zamani: mwaka 1938 jengo la halmashauri ya mji wa Zürich liliwekewa pampu iliyochota joto kutoka mto Limmat.

Lakini mashine hii ina sharti. Kadiri unavyoitaka ipandishe joto juu zaidi, ndivyo inavyokula umeme zaidi. Nje kukiwa na nyuzi 7, pampu nzuri ikitoa maji ya nyuzi 35 hurudisha uniti nne hadi tano za joto kwa uniti moja ya umeme. Ukiitaka itoe maji ya nyuzi 55, inashuka hadi kama tatu. Redieta ya ukutani ni ndogo, hivyo mara nyingi hudai maji ya moto sana ili chumba kipate joto. Sakafu ina eneo la chumba kizima. Uso wake ukifika nyuzi 25 hivi, chumba kimeshiba. Pampu inataka maji ya uvuguvugu, na sakafu inatosheka nayo. Ndoa hii ina mantiki, lakini mwenye kuifanya idumu ni fundi.

Kazi yake huanza na kalamu. Hupita chumba kwa chumba akipima kuta, madirisha, paa na hewa inayopenya, kisha hukokotoa kila chumba kitapoteza joto kiasi gani siku ya baridi kali ya eneo lile. Chumba cha mita 20 za mraba kinachopoteza wati 1,000 kinadai wati 50 kwa kila mita ya mraba. Kutokana na hesabu hiyo ndipo anapojua mistari ya bomba iachane kwa sentimita ngapi: labda 15 sebuleni, na 10 bafuni au chini ya dirisha kubwa.

Kisha hupiga magoti. Kwanza hutandika bodi za povu ili joto lisipotelee ardhini. Pembeni mwa kuta huzungusha ukanda laini, kwa sababu sakafu ikipata joto hutanuka na lazima ipate nafasi. Juu ya bodi hulaza bomba la plastiki, kwa kawaida la milimita 16, lenye tabaka la kuzuia oksijeni isipenye na kutafuna vyuma vya mfumo. Kila mzunguko ni bomba moja lisilo na kiungo, na urefu wake hauzidi sana mita 100, maana likirefuka mno maji huenda kwa shida. Hulikunja kuelekea katikati ya chumba, kisha hulirudisha kando ya njia lilikopita, ili maji yanayokwenda yalale jirani na yanayorudi na sakafu ipate joto sawa kila upande. Kila kona huizungusha kwa upana. Bomba likibonyea hapo, limeharibika.

Kabla ya kupiga sakafu, hujaza maji na kuyatia shinikizo, kisha husubiri. Shinikizo hilo hubaki humo hata saruji inapomwagwa, ili koleo likitoboa bomba ijulikane papo hapo. Sakafu ya saruji huachwa siku 21 kabla ya kutiwa joto. Ndipo maji ya nyuzi 20 hadi 25 hupitishwa siku tatu, na yenye joto kamili siku nne. Anayekatisha siku hizo hupata nyufa.

Baada ya vigae kuwekwa, wengi hudhani kazi imekwisha. Fundi wa kweli hurudi. Mzunguko mfupi hupenda kunywa maji yote, kwa hiyo hukaza na kulegeza vali moja moja hadi ule mrefu nao upate haki yake. Halafu huipangia pampu itoe maji ya joto gani kulingana na hali ya hewa ya nje, na hushusha kidogo kidogo mpaka chumba chenye baridi kuliko vyote kibaki kinatosheka tu. Kila nyuzi moja anayoiondoa huokoa takriban asilimia 2.5 ya umeme, mwaka baada ya mwaka. Sakafu nzito huchukua saa kadhaa kubadilika, kwa hiyo marekebisho haya hudai siku nyingi na moyo wa subira.

Ndugu unayejenga Hamburg, Oslo au Minneapolis, usianze kwa kuuliza ni pampu ya kampuni gani. Muulize fundi: siku ya baridi kali kuliko zote, maji yataingia sakafuni yakiwa nyuzi ngapi? Akikutajia 35 na kukuonyesha hesabu ya kila chumba, mpe kazi na umlipe vizuri. Akijibu bila hesabu, tafuta mwingine.