Kamera Yenye Subira

Moto una bahati mbele ya kamera. Nyumba ikiungua, mpiga picha hahangaiki kutafuta pembe. Mwali wenyewe unamwita, moshi unaijaza fremu, na jua halijatua dunia nzima imeona. Amani haina bahati hiyo. Mtu aliyelala na kisasi moyoni, akaamka ameamua kusamehe, anatoka mlangoni na uso uleule wa jana. Utampigaje picha? Ndiyo maana nawaheshimu mno watengenezaji wa filamu za hali halisi wanaochagua kuufuata upatanisho, hasa upatanisho wa watu wa dini mbili. Wanabeba mashine iliyoundwa kunasa kinachoonekana, kisha wanakwenda kukitafuta kisichoonekana.

Filamu ninayoirudia kila mara ni The Imam and the Pastor, ya kama dakika 40, iliyotoka mwaka 2006. Ilitayarishwa na Alan Channer na wenzake wa FLT Films, na msimulizi wake ni Rageh Omaar. Inawahusu watu wawili wa Kaduna, kaskazini mwa Nigeria: Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye. Wote wawili waliwahi kuongoza vijana waliopigana kwa jina la dini. Mwaka 1992, ghasia zilizoanzia Zangon Kataf zilipoenea, Wuye alikatwa mkono wa kulia. Ashafa aliuliwa mwalimu wake wa kiroho pamoja na jamaa zake wawili. Kila mmoja alijua anayemdai damu ni nani. Mwaka 1995 mwandishi wa habari aliwakutanisha, na mwaka huohuo wakaanzisha pamoja kituo cha usuluhishi baina ya dini mjini Kaduna.

Kwa kuyasoma tu mambo haya, mtu atasema ni habari njema, kisha atafunua ukurasa. Kuyatazama ni jambo jingine. Wuye amekiri kwamba hapo mwanzo, walipolala chumba kimoja safarini, aliwaza kumziba mwenzake pumzi kwa mto. Ashafa naye alikaa miaka akipanga kulipiza, mpaka siku aliposikia msikitini mawaidha juu ya Mtume aliyepigwa mawe Taif na bado akawasamehe waliompiga. Kisa cha Taif kila mtoto wa madrasa anakijua. Lakini kumwona mtu mzima, mwenye makaburi yake ya kuyakumbuka, akieleza kwamba kisa hicho ndicho kilichomwondolea silaha moyoni, kunakifanya kisikike kama mara ya kwanza.

Maungamo ya namna hiyo hayatoki siku kamera inapowashwa. Siku ya kwanza mtu husema yale anayodhani wageni wamekuja kuyasikia: sote ni ndugu, Mungu ni mmoja, tuishi kwa amani. Mwongozaji mwenye pupa hufungasha vyombo vyake hapo, akaondoka na filamu ya salamu. Fundi hurudi. Hunywa chai, huulizia hali ya wagonjwa nyumbani, huzima mashine anapoombwa azime. Anne Aghion aliwafuata watu wa kijiji kimoja nchini Rwanda kwa takribani miaka kumi, tangu mahakama za gacaca, zile za kijamii za kesi za mauaji ya kimbari, zilipokuwa zinaanza, hadi ikapatikana My Neighbor My Killer mwaka 2009. Muda huo ndio uliompa haki ya kuketi kati ya mjane na muuaji wa mumewe.

Jambo jingine ninalolisifu katika filamu ya Kaduna ni kwamba haikuwapunguzia wawili wale imani zao ili wakae vizuri pamoja. Imamu ni imamu kamili, mchungaji ni mchungaji kamili, na kila mmoja bado anaamini njia yake ndiyo ya haki. Mtengenezaji mwoga angelificha hilo, akatujazia picha za minara na misalaba wakati wa machweo, na muziki laini juu yake. Picha hizo hazina kazi. Mtazamaji anayeogopa kwamba kupatana ni kuiacha dini yake anahitaji kuwaona waumini wa kweli wakipatana.

Kisha kuna chumba cha kuhariri, mahali penye amana kubwa kuliko yote. Mzee akisema, "Walituua, na sisi tukawaua," mkato mmoja baada ya koma unatosha kumgeuza mchochezi. Na wala hatachomewa nyumba mhariri. Itachomwa ya mzee. Kwa hiyo uadilifu wa kazi hii haupimwi kwa kugawa dakika sawa kwa kila upande. Unapimwa kwa kumwachia kila msemaji sentensi yake mpaka mwisho wake.

Pray the Devil Back to Hell ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Gini Reticker na kutayarishwa na Abigail Disney, inawaonyesha wanawake wa Liberia, Wakristo na Waislamu, waliovaa nyeupe mwaka 2003 wakaketi juani karibu na soko la samaki mjini Monrovia wakidai vita vikome. Baadaye baadhi yao walikwenda Accra, wakawazuia wajumbe wa mazungumzo kutoka ukumbini. Watengenezaji walipotafuta picha za kumbukumbu, walikuta za vijana wenye bunduki zimejaa tele, na za wanawake hao ni chache mno. Wapiga picha walikuwapo mjini, ila lenzi zilielekezwa kwingine. Filamu ilibidi iokote vipande na kuviunganisha kwa sauti za wanawake wenyewe, akiwamo Leymah Gbowee, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2011. Bila mkono huo wa kuokota, nusu ya historia ya amani ya Liberia ingebaki midomoni tu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu. An African Answer, ya mwaka 2010, inawafuata Ashafa na Wuye hadi Burnt Forest, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliyoua zaidi ya watu 1,100. Huko walioumizana walikuwa Wakalenjin na Wakikuyu, wengi wao Wakristo kwa Wakristo, na mmoja wa wasuluhishi alikuwa imamu kutoka Nigeria. Hilo peke yake ni somo kwa anayedhani dini ya mwenzake haina cha kumsaidia.

Basi wenye vituo vya televisheni, ziwekeni filamu hizi saa ya chakula cha usiku, kwa Kiswahili, miezi kadhaa kabla ya kampeni, watu wakiwa bado wanasikilizana. Viongozi wa misikiti na makanisa, zionyesheni uani, kisha msikimbilie kuzima taa na kufunga dua. Waacheni watu wazungumze.