Kanzu Zisizo na Nyuzi: Picha za Ukoo Zilizochapishwa Upya

Mwezi uliopita nilikwenda kutazama maonyesho ya picha za ukoo katika ukumbi mmoja hapa London. Zilikuwa picha 40 hivi, nyeusi na nyeupe, nyingi za Unguja na chache za Pemba, zilizoskaniwa na kuchapishwa upya kwa printa za wino. Walioandaa wanastahiki shukurani. Kukusanya picha kutoka masanduku ya nyumba zilizotawanyika Muscat, Dubai na Uingereza si kazi ndogo, na maelezo yaliyoandikwa chini yake ni ya uangalifu. Lakini uchapaji wenyewe umetupunguzia kile tulichokwenda kukitazama.

Chukua picha ya mzee aliyeketi kitini, amevaa kanzu nyeupe na joho. Asili yake nimepata kuishika mkononi, na darizi ya shingoni ilihesabika uzi kwa uzi. Pale ukutani, kuanzia shingoni hadi magotini ni weupe mtupu. Aliyeitengeneza alitaka kuondoa umanjano wa uzee, akaongeza mwangaza hadi weupe wa kanzu ukafika mwisho wa kipimo, yaani 255, ambapo printa haitoi hata tone la wino. Iliyobaki ni karatasi tu. Kwa mwanataarikh hilo si suala la urembo. Darizi na kishada cha shingoni hutusaidia kujua mshono ni wa wapi, na pengine kukisia picha ni ya wakati gani.

Kasoro ya pili huonekana ukisogea pembeni. Katika picha za studio za zamani, kama zilizopigwa Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza huko Unguja mwaka 1930, taswira imo ndani ya tabaka la jelatini lililofunika karatasi nzima, kwa hiyo mng'ao ni mmoja. Wino wa pigimenti hukaa juu ya karatasi. Palipo na wino pana mng'ao wake, na pasipo na wino unaona mng'ao wa karatasi tupu. Chini ya taa za ukumbi, kanzu ya mzee yule ilikuwa kama kiraka kilichobandikwa. Vioo vya fremu vilisaidia kukificha, havikukiondoa.

Dawa ipo, wala si ghali. Weupe wa juu kabisa ushushwe kidogo, kama kwenye 245, ili kila mahali papate wino japo chembe. Baadhi ya printa zina wino usio na rangi, unaopakwa karatasi nzima ili kusawazisha mng'ao. Au itumiwe karatasi isiyong'ara. Weusi wake haukolei sana, lakini tofauti ya mng'ao karibu haionekani. Picha tatu karibu na mlango zilichapishwa hivyo, na ndizo bora kuliko zote: watoto wa chuoni wamepanga safu, na vitobo vya kofia zao vinaonekana kimoja kimoja.

Picha za asili zinachakaa, na wajukuu zetu watarithi nakala. Kwa hiyo nawaomba jamaa wote: skani ya kwanza, kabla haijaguswa na mtu, ihifadhiweni pamoja na madoa na umanjano wake. Iliyosafishwa inaweza kutengenezwa tena wakati wowote. Uzi uliofutwa haurudi.