Kilio cha mfalme wa Wakanda

Fratri mmoja alituuliza sababu gani gazeti la seminari lipoteze karatasi kwa filme ya mashujaa wanaoruka angani, filme ya watoto. Swali si baya. Filme yenyewe tungeweza kuiacha. Watu walioitazama hatuwezi kuwaacha. Kwani juu ya filme hii watu wazima wa Marekani, na wengi wa Afrika pamoja nao, waligombana zaidi ya miaka miwili kwa ajili ya kifo, jina na urithi, na ugomvi ulianza hata kabla picha ya kwanza haijapigwa. Mwalimu wa dini aliyekwisha kulala kilioni anayajua mambo hayo matatu kuliko mwandishi wa magazeti.

Filme ni Black Panther: Wakanda Forever, ya Ryan Coogler, iliyotoka mwezi wa 11 mwaka 2022. Ni ya pili. Ya kwanza ilitoka mwaka 2018, ikaingiza zaidi ya miliari moja na milioni 300 za dolari. Humo tulimjua T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya Afrika isiyo katika ramani yoyote, anayevaa vazi la Chui Mweusi na kuwa na nguvu kupita za watu. Aliyemcheza ni Chadwick Boseman. Tarehe 28 Agosti 2020 Boseman alikufa kwa kansa ya utumbo, akiwa na miaka 43. Alijua ugonjwa wake tangu mwaka 2016, naye akauficha. Coogler mwenyewe hakuambiwa.

Siku zile zilionekana picha kutoka nyumba mbalimbali za Marekani: watoto wamepanga sanamu zao za kuchezea, mashujaa wote wamesimama kumzunguka Chui aliyelazwa katikati, na mtoto mwenyewe amekunja mikono kifuani kwa salamu ya Wakanda. Tuliziangalia sana picha zile. Mtoto yule alikuwa akimzika nani, Boseman ama T'Challa? Hajui, wala hana haja ya kujua. Lakini watu wazima walitaka kujua, na hapo ndipo walipogawanyika.

Mwezi wa 12 mwaka 2020 wenye filme walitangaza kwamba T'Challa hatachezwa na mtu mwingine. Wengi walishukuru. Wengine walikataa, wakaandika ombi katika intaneti, na maelfu ya watu wakatia majina yao. Tusiwadharau watu hawa, kwani maneno yao yalikuwa na uzito. T'Challa, walisema, aliandikwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, miaka 10 kabla Boseman hajazaliwa. Basi kwa nini azikwe pamoja naye? Katika filme za nyumba ileile, askari Rhodes alibadilishiwa mchezaji mwaka 2010, na Hulk mwaka 2012, wala hakuna aliyelia. Tena walisema neno linalouma zaidi: mashujaa Wazungu hawafi pamoja na wachezaji wao, mbona mfalme mweusi, ambaye watoto weusi hawana wengi kama yeye, ndiye apelekwe kaburini? Na mambo yaliyofuata yaliwapa nguvu. William Hurt, mchezaji wa jenerali mmoja katika filme hizohizo, alikufa mwezi wa 3 mwaka 2022, na kazi yake akapewa Harrison Ford, tuliyemwona mwaka 2025.

Wa upande wa pili walijibu kwamba ni ugumu wa moyo kumtafutia marehemu mtu wa kuvaa nguo zake wakati machozi hayajakauka. Halafu walitukanana. Matusi tunayaacha.

Sisi, tukisoma maneno ya pande mbili, tuliona ajabu: bila kujua, walikuwa wakisema mambo ya kwetu. Kwa Walunda, Mwant Yav hafi, wala Kazembe hafi. Mtu anakufa, na jina linavaliwa na mwingine. Anayelivaa anachukua hata undugu wa marehemu: kijana anaitwa baba na wazee, kwa sababu jina alilolivaa lilikuwa baba yao. Basi wale walioomba T'Challa mwingine hawakuomba neno geni. Waliomba jina lipate mtu. Lakini katika vijiji tunavyovijua, kuvaa jina la marehemu kunakuja na kumaliza kilio. Hakufanyiki maiti ikiwa bado nyumbani. Hapo ndipo tunaposema kwamba watu wa ombi walikuwa na haki juu ya mfalme, wakakosa juu ya saa. Na wenye filme? Juu ya saa walifanya vema. Juu ya mfalme tuna neno nao.

Tuliiona filme hii katika Kifaransa, mara ya kwanza peke yetu, mara ya pili na vijana wa parokia katika ukumbi. Mwanzo wake ni Shuri, dada wa mfalme, anayehangaika na mashine zake kutengeneza dawa. Mama yake Ramonda anaingia na kumwambia kwamba kaka yake amekwisha kufa. Ugonjwa hautajwi jina, mgonjwa haonekani. Halafu mazishi: watu wote wamevaa nyeupe, wanacheza na kuimba njiani, na sanduku linainuliwa juu mpaka ndani ya chombo cha kuruka. Kisha, mahali ambapo filme hizi huweka alama ya nyumba yao na muziki mkubwa, ni sura za Boseman tu zinazopita, bila sauti hata moja. Wengi walioandika juu ya saa ile katika kumbi za Marekani walisema watu walinyamaza, wengine wakalia. Vijana wetu, ambao huzungumza tangu mwanzo wa picha mpaka mwisho, walinyamaza vilevile. Mmoja alijaribu mzaha. Jirani yake akampiga kiwiko.

Kimya kile ni kizuri, tunakisifu. Lakini tuseme pia kosa lake. Sanduku ni la T'Challa, sura ni za Boseman. Mfalme hakupewa kifo chake mwenyewe. Aliazimwa kifo cha mchezaji. Hakusema neno la kuagana, hakumwachia mtu kiti, hakuweka mkono juu ya kichwa cha dada yake. Coogler alikuwa akimlilia rafiki, na nani atamlaumu? Ila mtoto wa zile sanamu za kuchezea alimpoteza mfalme, na kwa mfalme wake alipewa dakika chache tu.

Wengine walinung'unika kwamba kilio kimeuzwa kwa tikiti: siku 3 za kwanza katika Marekani filme iliingiza karibu milioni 181 za dolari. Neno hili hatulipokei lote. Hata huku kwetu watu hulipa fundi apige sura ya marehemu katika mashati ya kilio, na hatusemi kwamba kwa sababu hiyo machozi yao ni ya uongo.

Moyo wa filme, kwetu, ni nguo. Mwaka mmoja baada ya mazishi, Ramonda anamchukua Shuri porini, kando ya maji, wawashe moto, wachome nguo za kilio. Msichana anakataa: anaogopa kwamba akikaa na kumfikiri kaka yake, hasira yake haitatosheka na nguo, itachoma ulimwengu. Na papo hapo Namor, mfalme wa watu wa chini ya bahari, anatoka majini na maneno ya vita. Moto uliowashwa kwa kumaliza kilio haukufanya kazi yake. Yote yanayofuata, kwa saa zaidi ya 2, ni kilio kilichokatizwa.

Kwa bahati mbaya saa hizo zimejazwa mno. Mwanafunzi mwerevu wa Chicago na mashine yake tungeweza kumkosa bila hasara. Vita vya merini ni kelele. Lakini watu wa Namor si wa kupitwa: ni wazao wa Wamaya waliokimbia Wahispania, wanasema Kimaya cha Yucatán, na watu wa Mexico walimfurahia Tenoch Huerta kama Waafrika walivyomfurahia Boseman. Mataifa mawili yaliyoonewa yanauana, na wanaotafuta madini yao wanakaa pembeni kungojea. Sisi wa nchi ya Shinkolobwe, ambako ilitoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945, hatukuhitaji kuelezwa. Ufaransa ilieleweshwa kwa njia nyingine: mwezi wa 2 mwaka 2023 waziri wake wa majeshi, Sébastien Lecornu, alilalamika kwa sababu askari wanaokamatwa katika filme, wakitaka kuiba madini ya Wakanda huko Mali, walivalishwa kama askari wa Ufaransa.

Ramonda anakufa majini akimwokoa yule mwanafunzi. Angela Bassett alicheza mama huyu kwa namna ambayo hata wanaochukia filme hizi walimsifu. Shuri, sasa bila kaka wala mama, anakunywa dawa inayompeleka kwa wazee waliokufa, ingawa yeye ni mtu wa mashine na hawasadiki. Anamtazamia mama. Anamkuta Killmonger, yule adui wa filme ya kwanza, ameketi katika kiti cha ufalme. Kumbini wengi walipiga kelele za furaha kwa kumwona. Wengine walikasirika kwamba si T'Challa. Kwa hiyo sisi twamtetea Coogler bila kusita. Aliyekunywa kwa ajili ya kisasi alikutana na mwenye kisasi. Ingekuwa uongo kumpa kaka mpole wakati ule. Nyinyi mnaokaa na wafiwa mnajua ni nani anayekuja kwanza katika ndoto za mtu aliyeuliwa ndugu yake.

Mwisho Shuri anamwacha Namor hai, anakwenda Haiti, anakaa peke yake pwani, anachoma nguo. Sura ya kaka inapita tena bila sauti. Hapo filme ingefungwa. Lakini majina ya wachezaji wa kwanza yakiisha kupita, Nakia anamleta mtoto wa kiume. Huko Haiti anaitwa Toussaint. Jina lake la kwao ni T'Challa, mwana wa T'Challa.

Wengi walifurahi sana. Watu wa ombi walicheka kwa uchungu: mlitukataza T'Challa mwingine, sasa huyu ni nani? Nasi tunawapa haki. Jina ambalo wenye filme walilinyima mlango wa mbele wameliingiza kwa dirisha, tena limevikwa kwa haraka, majivu ya nguo yakiwa bado ya moto. Na kiti kimebaki bila mtu: M'Baku amefika kwenye maporomoko ya maji kukiomba, Shuri hakutokea.

Vijana wetu walipotoka hawakuzungumza juu ya vita vya baharini. Walibishana juu ya kiti. Wengine walisema ni cha mtoto wa Haiti, amekwisha kuitwa kwa jina. Mmoja, wa upande wa Kasenga, aliapa kwamba mtoto yule hana neno huko, kwani kwao mtu hurithiwa na mwana wa dada yake, basi Shuri aolewe upesi. Walikuwa bado wakibishana tulipofunga mlango wa ukumbi.